Mawe Aliyoyafukia Siyad

Umoja, Nairobi

Mama mkwe wangu mpendwa Batulo,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima hapo Garissa, na goti lako limepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako Habon ameota upya meno ya mbele na kila siku anauliza habari za mbuzi wako.

Mama, Wasike, yule rafiki yake Siyad wa chuoni, alikuja mwezi uliopita. Tangu Siyad apotee kwenye ukungu mlimani mwaka jana, alipokwenda kufukua mawe yake ya utafiti, Wasike hajaacha kumtafuta. Safari hii pia hakumpata, ila mawe aliyapata. Unakumbuka nilivyokuwa nikimtania mwanao kwamba ameoa mawe, mimi ni mke wa pili? Aliyakata vipande sawasawa, akavipima uzito, akavifukia katika bonde lile la baridi ili aje avipime tena.

Nilivishika. Kingo zilizokuwa kali zimelainika, na ngozi ya jiwe ikabaki vidoleni mwangu, unga wa rangi ya kutu. Wasike alisema vyote vimepungua uzito. Siyad alizoea kutueleza kwamba watu hudhani baridi huhifadhi kila kitu, kumbe maji ya kule yana ukali kidogo, na hula jiwe polepole, hata kwenye baridi. Mimi nilikuwa naitikia tu huku nikipakua wali.

Sikulia. Nilinawa mikono nikaendelea kukunja nguo. Sijui machozi yamekwama wapi.

Najua umekataa asiswaliwe swala ya ghaibu, bila maiti kuwepo. Umesema baridi inamtunza, ataletwa akiwa kamili, umwone uso, avishwe sanda uliyomnunulia. Sikuwahi kukubishia, maana hata mimi nilipenda kuamini hivyo. Lakini jiwe lenyewe limeshindwa kubaki lilivyokuwa, Mama.

Nakuambia mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Nilikwenda kwa kadhi, Wasike akatoa ushahidi, na kadhi akaamua kwamba Siyad amefariki. Ijumaa iliyopita aliswaliwa msikitini kwetu. Mimi nimeingia eda.

Ukinikasirikia nitaelewa. Nakuomba umsomee dua, na ile sanda umpe mtu mwenye maiti wa kuzika.

Nisalimie majirani wote, na mbuzi wa Habon.

Mimi mkweo, bado mkweo,
Yurub