Nyonyo Kumi na Mbili za Folke

Jumatatu, 17 Aprili

Ushindi! Daktari wa meno kamaliza kwa dakika tatu kazi iliyotushinda mimi na mke wangu Ylva mwaka mzima.

Folke alipanda kiti mwenyewe, akapanua mdomo. Daktari akachungulia, akaniita na mimi nione. Meno ya juu na ya chini hayakutani kabisa! Pana mwanya pale mbele, tambi inapita bila kung'atwa. Nyonyo ndiyo iliyofanya hivyo. Mtoto anatimiza miaka minne mwezi Juni na bado anang'ang'ania ile chuchu ya mpira, mchana na usiku. Daktari akamwambia kwamba watoto wakubwa huenda kuzitundika nyonyo zao kwenye mti mmoja wa bustani ya mji, wanazifunga riboni, wanaziaga, basi. Je, yeye angependa?

Folke akasema ndiyo! Kwa sauti! Nilitaka kumkumbatia yule daktari.

Njiani, kwenye baiskeli, nikamuuliza twende lini. Akaitoa nyonyo ili nimsikie vizuri.

"Nilikuwa namwambia daktari tu," akasema. "Mimi siendi."

Haidhuru. Ndiyo imeshatoka na nina shahidi. Ylva kapanga tarehe papo hapo: Jumapili ya tarehe 30, asubuhi, kabla ya watu kwenda kuwasha moto wa kuaga baridi. Kisha kampigia simu mama yake. Bibi Gunvor akishajua jambo, mji wetu mzima wa Hudiksvall unajua. Hakuna kurudi nyuma.

Jumanne, 18 Aprili

Leo sensa. Ylva ni mwalimu wa hisabati, hawezi kuanza jambo bila hesabu. Tumegeuza nyumba juu chini. Mbili ndani ya kochi, moja kwenye buti langu, moja kwenye friza (hakuna anayejua ilifikaje, ila Folke alifurahi sana kuiona). Jumla kumi na moja, zote kwenye bakuli la saladi.

Folke alisimama juu ya kiti akitutambulishia. Hii ni ya kulalia. Hii ya kwenye gari. Hii ya kukasirikia. Zile mbili za manjano ni za wageni — wageni gani?! Na ile ya kijani, iliyotafunwa ukingoni, ni ya kufikiria. Hiyo hakuiacha bakulini. Aliiweka mdomoni, akafikiria.

Sasa la siri. Ya kumi na mbili niliiona mimi, chini ya kiti cha gari la kazi, na nikanyamaza. Nimeificha kwenye sanduku langu la zana, chini ya spana. Ikitokea siku analia hadi anabadilika rangi, je? Mtu lazima awe na akiba.

Humo humo kwenye sanduku mna kikopo changu cha ugoro, ule wa vifuko vya kubana chini ya mdomo. Ylva anaamini niliachana nao siku ya mwaka mpya. Niliachana nao kweli. Siku kumi na moja.

Alhamisi, 20 Aprili

Signe ana miaka saba na hakuna asichokijua. Kamwambia mdogo wake kwamba kwao rafiki yake, shambani, nyonyo huwa wanapewa watoto wa paka. Folke akavutiwa mno! Nikaona hapa ndipo pa kumkamatia. Nikamsifu, nikasema ni ukarimu mkubwa. Nikaenda zangu kukaanga viazi.

Dakika tano baadaye, kelele ngazini. Alikuwa amemkaba paka wa Bi Märta wa ghorofa ya chini, kilo saba, umri miaka kumi na tano, anamsukumia nyonyo mdomoni.

"Nyonya! Nyonya basi, we mzee!"

Mikwaruzo mitatu, plasta mbili, Bi Märta kapewa maua. Folke karudi jikoni amekata shauri: paka hawajui kunyonya, hawastahili. Kisha akairudisha mdomoni ile ile! Iliyotoka kwa paka! Ylva kapiga ukelele ambao sijausikia tangu siku ya harusi. Sasa zinachemka zote kwenye sufuria ya tambi. Viazi vimeungua.

Jumamosi, 22 Aprili

Nimeumbuka. Niandike yote, labda nitapumua.

Jumamosi ni siku ya peremende, watoto wanaamka wameshawaka. Bibi Gunvor alikuja na keki ya mdalasini. Tukakaa mezani, kahawa, jua dirishani. Bibi akaanza kumsifu mkwewe! Mimi! Akasema Torkel ni mfano, tazameni alivyoutupa ugoro kwa siku moja, mtu wa dhamiri, Folke amwige baba yake. Ylva akanishika mkono. Mimi nikasema, "Aa, kawaida tu, Mama." Nilisema hivyo! Kwa mdomo huu!

Wakati huo Folke hayupo. Nilidhani yuko chooni. Kumbe kaingia kwenye gari la kazi, mlango sikufunga, na ameanza upekuzi wake wa kila siku. Mtoto ana pua ya mbwa wa forodha.

Akaingia amebeba vitu viwili, kimoja kila mkono, uso unang'aa. Akaviweka mezani, katikati, karibu na keki.

"Hii nyonyo ya Folke," akasema. Kisha akakigonga kikopo kwa kidole. "Na hii nyonyo ya Baba. Zilikuwa zimelala pamoja."

Bibi Gunvor akaweka kikombe chini. Signe, mpelelezi wetu, akafungua kifuniko na kunusa. "Ni mbichi," akasema. "Ya juzi."

Nikasema ni ya mteja. Nikasema nimeiokota. Nikasema yote mawili kwa pamoja. Folke akanionea huruma, akawaeleza wenzake kwamba Baba hunyonya ya kwake kwenye gari. Anaweka huku — akainua mdomo wa juu kwa kidole kuonyesha — na akisha anafurahi, anawasha redio.

Ylva alicheka. Alicheka hadi machozi, akajifuta kwa kitambaa cha meza, akacheka tena, na halafu akaacha ghafla. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Sawa," akasema. "Basi mtakwenda mtini wawili."

Folke akatafuna keki. Akafikiria. Kisha akatoa sharti lake, na alilitoa kwangu, si kwa mama yake: zake zote, kama na Baba zake zote. Akanyoosha mkono. Tukapeana mikono mbele ya mashahidi watatu. Mkono wake ulikuwa na siagi.

Jumapili, 23 Aprili

Ylva anasema hakasirishwi na ugoro. Anachokasirikia ni kwamba kwa miezi mitatu na nusu alikuwa akinisifu kwa watu, na mimi nikapokea.

Nimeosha vyombo, hata visivyo vichafu.

Jumatatu, 24 Aprili

Signe kabandika chati kwenye friji! Safu ya Folke na safu ya Baba. Mchana mzima bila nyonyo, nyota moja. Nyonyo inaruhusiwa kitandani tu. Mimi nikauliza kama na mimi naruhusiwa kitandani. Jibu la Ylva siliandiki.

Wote wawili tumepata nyota! Folke alimung'unya kola ya shati hadi ikalowa. Mimi nimekula karoti tisa na nimebishana na redio. Saa kumi tulikaa pamoja sakafuni, tumenuna, tumeegemea friji, tukiitazama chati. Ylva katupiga picha.

Jumatano, 26 Aprili

Nyota ya tatu! Wote! Folke hajaiulizia tangu asubuhi, hata alipoanguka na pikipiki yake ya plastiki. Alilia bila kitu mdomoni na sauti yake imetushangaza, hatukujua ana sauti kubwa namna hiyo. Bi Märta alipanda kuuliza kama tumenunua filimbi.

Na anaongea! Ule mpira ulikuwa umeziba mengi. Leo kaeleza kwa kirefu kwa nini jiwe si mnyama. Nimemsikiliza njia nzima hadi chekechea na kwa kweli sina hoja dhidi yake. Nina furaha, nina kichwa kinachogonga. Lakini furaha!

Alhamisi, 27 Aprili

Nimeteleza.

Nilikwenda kumzibulia sinki mzee mmoja kule nje ya mji. Kazi mbaya, saa mbili nimelala chali chini ya bomba. Nilipomaliza mzee akamimina kahawa, akatoa kikopo, akakisukuma kwangu mezani, hata hakuuliza, kama ilivyo desturi ya wazee wa huku. Mkono ukaenda wenyewe. Nilikuwa nimeshakibana kifuko chini ya mdomo wa juu kabla sijakumbuka kwamba nina mkataba.

Dakika kumi. Zilikuwa tamu mno, nakiri.

Chekechea, Folke alinikimbilia, nikambeba, akanitazama karibu karibu. Akainua mdomo wangu wa juu kwa kidole! Kama daktari wa farasi! Hapakuwa na kitu, lakini harufu ilikuwepo. Ningeweza kusema uongo. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Nikamwambia: nimenyonya moja.

Hakukasirika. Alinipigapiga shavu kwa vidole vyenye rangi ya bluu.

"Ni ngumu, ee Baba?"

"Ngumu sana."

"Mimi najua," akasema. "Leo hupati nyota. Ila usilie."

Sikulia. Nilifunga mkanda wa kiti chake kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Nyumbani aliyatangaza makosa yangu kwa wote, kisha akakaa pajani kwangu hadi chakula cha jioni, maana aliyekosa nyota asiachwe peke yake. Ylva alitusikia. Alipopita nyuma yangu aliniwekea mkono begani, mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Jumamosi, 29 Aprili

AMELALA BILA NYONYO! Usiku kucha! Kaamka saa kumi na mbili, kaingia chumbani kwetu akiwa ameinyanyua ya kulalia juu kabisa, kavu, anapiga kelele kwamba haikutumika! Tumecheza ngoma kitandani wote wanne hadi ubao mmoja ukavunjika.

Nimetumwa dukani kununua riboni. Nyekundu, mita tano. Bibi Gunvor anaoka maandazi ya kesho. Ugoro nimeuweka kwenye kikopo kimoja, Ylva mwenyewe kakifunga riboni kwa msalaba, na upinde juu. Kimependeza, utadhani zawadi.

Jumapili, 30 Aprili

Naandika hapa hapa bustanini, kwenye benchi, kwa sababu mikono yangu inataka kazi.

Tumefika saa nne. Mti umejaa! Mamia ya nyonyo za watoto wa mji huu, rangi zote, zingine zimepauka kwa miaka ya jua na theluji. Theluji bado ipo kidogo upande wa kivuli. Folke alikaa mabegani kwangu na bakuli la saladi kichwani kwangu, akazitundika moja moja, kila moja na kwaheri yake. Ya kwenye gari aliibusu. Ya kukasirikia aliizomea. Zile za wageni aliziambia wageni hawaji tena. Watu waliokuwa wakipita na mbwa wao walisimama, wakahesabu naye kwa sauti. Kumi na moja!

Kisha zamu yangu. Nikatundika kikopo. Makofi! Bibi Gunvor alipiga mluzi kwa vidole viwili, sikujua kama anaweza. Ylva alinibusu mbele ya umma, mdomo wake una ladha ya mdalasini, na nilijiona mtu.

Imebaki moja. Ya kijani. Folke aliteremka, akaja nayo hapa kwenye benchi, akaiweka mdomoni. Hakuna anayemharakisha. Signe ameshikilia kipande cha mwisho cha riboni. Bibi anagawa maandazi, Ylva anamimina kahawa. Kwa nusu saa sasa tumekaa, mimi naandika, yeye anafikiria.

Na niandike hili, maana daftari hili halisomwi na mtu. Jana dukani, nikiwa nalipia ile riboni, nilinunua na kikopo kipya. Kidogo. Sijakifungua. Kipo kwenye mfuko wa ndani wa koti. Nilijiambia ni cha dharura tu, kwamba kuwa nacho si kukitumia, kwamba nyonyo zangu za kwenye kikopo cha mtini ndizo zilizohesabiwa. Mkataba ulisema zote. Najua ulisema zote.

Folke ameitoa ya kijani. Anaigeuzageuza. Ananiuliza, kwa sauti ile kubwa mpya, mtu mzima kwa mtu mzima:

"Baba, na wewe umebakisha moja ya kufikiria?"

Hanitegi. Anatafuta mwenzake tu. Nikisema ndiyo, atapumua na tutarudi nyumbani kila mtu na yake. Nikisema hapana, ataniamini, atasimama na kuitundika.

Ylva ameacha kumimina. Bibi Gunvor ameshika andazi hewani. Mkono wa kulia unaandika. Wa kushoto uko kifuani, juu ya koti, penye ule mfuko, na ndiyo kwanza nagundua kwamba umekuwa hapo tangu tukae. Folke anautazama.