Chama cha Kusugua Makaburi

Mayu, mama yangu mpendwa,

Mwadila, mayu. Nakupigia magoti, ingawa magoti yenyewe yako chini ya meza ya jikoni na miguu imevaa soksi mbili mbili. Huo mguu wako umepoa, au bado unaukokota shambani kwa ubishi? Ng'ombe wanapata malisho? Na pacha wangu Doto ameshauza pamba, au bado anabishana na wanunuzi kule Kasoli? Mimi mwili mzima, ila roho haitulii. Nakaa, nasimama. Naloweka nguo, naziacha kwenye maji natoka nje bila kujua naenda wapi. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Kwenye simu ukisikia sauti yangu imebadilika unaanza kulia, na mimi nalia, Doto anakunyang'anya simu anapiga kelele eti mtandao, mtandao, na mwisho wake hakuna aliyesema kitu.

Nataka nikujibu swali lako, lile la kabla ya msiba. Nilipokueleza kwamba huku Uskoti nimejiunga na chama cha hisani cha kutunza mambo ya kale, hukuniuliza kinafanya nini wala kinaongozwa na nani. Uliniuliza, hao watu, ukifiwa watakuja? Nikasema watakuja mayu, wasije kwa nini? Nilijibu upesi mno.

Chama chenyewe kinatunza kanisa kongwe ambalo siku hizi halisaliwi, na makaburi yanayolizunguka. Jumamosi asubuhi wanachama wanafika na ndoo na brashi laini, wanasugua mawe ya makaburi mpaka majina yasomeke. Sabuni hairuhusiwi, inakula jiwe. Ni maji tu na mkono. Waliolala pale walikufa zamani sana, hata wajukuu wa wajukuu zao hawapo. Unasugua, herufi inatokea, unasugua, nyingine inatokea, halafu unakuta alikuwa mfuga kondoo, au mke wa mfuga kondoo. Doto aliposikia alicheka mpaka akakohoa. Akasema kama nina hamu ya kazi ya bure nirudi Ngulyati, palizi ipo, na walio hai wapo.

Mimi nilijiunga kwa akili ya kwetu, mayu. Nilikuwa napita natoka kazini, kule nyumba ya wazee ninakowaogesha na kuwalisha, wakaniita getini wakanipa chai. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike mtu wa huku kuniita kwa mkono. Mwenyekiti wao, mama mmoja mchangamfu anaitwa Helen, akaniuliza kama ningependa kuwa mwanachama. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Nilijua ninachojiunga nacho, au nilidhani najua. Si ni kama ifogong'ho yetu? Unahamia kijijini, unaandikwa kwenye kikundi cha misiba, jirani akifiwa unabeba unga na kuni na maji unakwenda kukaa naye. Usipokwenda unatozwa, na ukikaidi unatengwa, siku yako ikifika unapika peke yako. Basi nikasema huku wana namna yao, wanafanya kazi pamoja Jumamosi ili wazoeane, kusudi shida ikimpata mmoja wasiende kama wageni.

Kwa hiyo sikukosa hata mara moja. Vidole vilikufa ganzi, mvua ya huku inapiga kwa ubavu inaingia masikioni, mimi nipo na ndoo yangu. Nilikuwa najiwekea watu.

Ndipo Doto akapiga simu kwamba shangazi Minza ametutoka.

Unajua nilivyotaka kuja. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado ofisini kwao, na nilielezwa wazi kwamba nikitoka, kurudi itakuwa mtihani. Mkamzika bila mimi. Yule aliyenichukua nikiwa mchanga ili wewe umnyonyeshe Doto akiwa mgonjwa, akanikuza kwake mpaka naanza shule, mkamfukia na mimi niko huku namkata mzee wa watu kucha. Jumamosi iliyofuata nilikwenda makaburini, wakati wa chai nikasimama nikawaeleza. Wakasema pole kwa upole kabisa. Helen akanikumbatia hadi koti lake likaloa machozi. Nikasema basi mimi kuanzia mchana nitakuwa nyumbani. Wakaitikia kwa vichwa.

Nilikwenda mbio. Nikasukuma kitanda ukutani, nikaazima viti kwa jirani wa chini, nikatandika khanga sakafuni kwa watakaotaka kukaa chini. Nikapika wali na maharage kwenye lile sufuria kubwa mlilonicheka nikilipakia kwenye begi. Halafu nikakaa. Gari likipita naenda dirishani. Mlango wa chini ukigongwa nasimama, kumbe ni wa jirani. Nikapasha wali, nikaupasha tena. Jioni ilipoingia nikavirudisha viti, jirani akaniuliza kama sherehe ilikuwa nzuri.

Baadaye ilikuja kadi yenye maua, wote wameweka sahihi. Wali niliula mwenyewe mpaka nikauchukia.

Nilikasirika, mayu, nisikufiche. Nilikasirika nikasema maneno kwa Kisukuma peke yangu jikoni, mengine ungenichapa. Wafu ambao hata mbwa hawawakumbuki wanaogeshwa kila Jumamosi, na mimi niliyefiwa juzi hakuna wa kugonga mlango! Nikaacha kwenda. Jumamosi zikawa ndefu, nazunguka mjini kama kuku anayetafuta pa kutagia, naingia duka hili natoka, naingia lile. Nikamwambia Doto aniandalie chumba, narudi. Begi nililitoa kabisa uvunguni. Hata msimamizi wangu kazini nilimdokeza, akasema nifikirie vizuri, na mimi nikaona ninafikiria nini kwenye mji ambao nikifa leo watanijua kwa harufu.

Sasa kuna mzee wa chama anaitwa Alan. Mrefu, mkimya, husugua kwenye pembe yake ya mbali, chai anakunywa amesimama. Nilikutana naye dukani, mimi nashika viazi, yeye kakumbatia mkate. Akaniuliza mbona sionekani. Mwingine angesema alikuwa na kazi nyingi yakaisha. Mimi nilimwambia yote pale pale, viti, wali, jirani, yote, watu wanapita na vikapu wanatutazama. Alisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akasema, "Hatukujua kwamba tulitakiwa kuja. Huku mtu haendi kwa mfiwa mpaka aitwe. Mke wangu alipofariki sikumwita mtu, na hakuja mtu."

Nikamuuliza lini. Majira ya baridi yaliyopita. Mayu, miezi yote ile mimi na yeye tunachota maji kwenye bomba moja! Akanieleza kwamba mkewe alitaka achomwe na majivu yamwagwe baharini, ndivyo walivyofanya, kwa hiyo yeye hana kaburi la kusugua. Alisema hivyo kama anayetaja bei ya mkate, akaenda kulipa.

Sikulala vizuri. Kesho yake nikitoka kazini nilipika, nikafunga sufuria kwa khanga nikapanda basi hadi kwake. Alipofungua mlango alidhani nimeleta vifaa vya chama. Nikaingia. Viti vyake vilikuwa vinatazama televisheni, nikavigeuza vikatazamana, na yeye amesimama tu kama mgeni kwake mwenyewe. Nikakaa. Nikamuuliza tunavyouliza sisi tukishakaa kwa mfiwa na kupumua kidogo: "Ilikuwaje?"

Akauliza ilikuwaje nini. Nikarudia. Akaanza, taratibu, eti mkewe aliamka analalamika mgongo. Akafika kwenye habari za hospitali, akagundua ameruka, akarudi nyuma, akajisahihisha. Unakumbuka baba alipofariki ulivyokuwa unawasimulia kila walioingia, wa Zagayu wanafika unaanza upya, wa Bariadi mjini wanafika unaanza upya, na mimi kwa utoto wangu nikashangaa kwa nini hawakuachi upumzike? Sasa nimejua, mayu. Yule mzee alikuwa na habari nzima nzima kifuani, haijatoka hata mara moja. Alilia, akafuta uso kwa kitambaa cha vyombo, akala wali akaongeza. Akasema, "Hakuna aliyeniuliza."

Kwa hiyo nimerudi kwenye chama. Begi nimelirudisha uvunguni, ila sijalitoa nguo zote. Kama Doto atauliza faida yake ni nini, mwambie sijui bado. Nasugua jiwe na nusu ya moyo wangu inataka ndege. Wenzangu naona wanaingia pale kwa sababu huku, makaburini ndipo mahali pekee mtu anaruhusiwa kuwa na huzuni bila kualikwa. Hilo lanisikitisha, na linanifanya nisiweze kuwaacha. Siku nyingine nawapenda, siku nyingine natamani niwazabe kibao mmoja mmoja waamke. Alan ameanza kuja kunywa chai karibu nasi. Anakaa, hasimami.

Nisalimie baba mdogo, mwambie dawa ya macho nitampa mtu wa kwetu anayerudi likizo. Nisalimie wifi na kitumbo chake, asibebe maji. Nisalimie katekista aliyemsomea shangazi sala za mwisho, na yule mama mwenye cherehani sokoni aliyemshonea sanda. Kina mama wa ifogong'ho uwape mikono yote, uwaambie wabeja sana kwa unga na kuni, na kwamba zamu yangu ya kubeba maji naijua, sijaisahau. Michembe, vile viazi vikavu, msinitumie tena, ilikamatwa uwanja wa ndege, walidhani ni mizizi ya mganga.

Sasa mayu, jambo lenyewe lililonikalisha kwenye hii meza.

Siku ile Alan alipomaliza kusimulia, aliniwekea chai, akakaa kwenye kiti nilichokigeuza, akaniuliza, "Na shangazi yako? Ilikuwaje?" Sikuwa na cha kusimulia. Najua tu kwamba Doto alipiga simu na kwamba mlimzika karibu na zizi. Sijui alianza kuumwa wapi. Sijui kama alikuwa shambani au ndani, nani alimshika, kama aliomba maji, kama alisema neno. Hakuna aliyeniambia, kila mtu aliogopa nitaumia nikiwa mbali, na mimi niliogopa kuuliza nisije nikakuliza wewe.

Nimewaalika wanachama wote waje kwangu, maana huku ni mpaka uwaite. Wamekubali, na Alan ameshawaeleza wakifika waulize nini. Lakini nimewaambia wasubiri kwanza barua yako ifike.

Niandikie, mayu. Anza asubuhi ile alipoamka. Usiruke kitu.

Mwanao,
Kulwa