Mwewe wa Nguba na Sambaza za Koko

Yaya Nsimire, dada yangu mukubwa, jambo sana huko Lubumbashi.

Tangu nishuke Bukavu, mimi ndiye kijana muzuri kuliko wote kando ya ziwa. Hata ndege wanageuza shingo nikipita. Na wewe ulisema nitafika kwetu kama mugeni!

Jana Koko, nyanya yetu, alinikaangia sambaza, vile visamaki vya ziwa. Nikachukua sahani, nikaenda kukaa nayo juu ya ukuta wa parcelle, ule wa uwanja wetu unaopakana na ziwa, ili vijana wa mutaa wetu wa Nguba waone kwamba mutoto wa nyumbani amerudi. Juu mwewe walikuwa wanazunguka kama watu wa harusi wasioalikwa. Koko akanipigia kelele kwa Mashi, luga yetu ya nyumbani, kutoka jikoni. Nikajua ananisifu, nikamupungia mukono: "Aksanti, Koko." Akarudia kwa nguvu. Nikatabasamu zaidi. Paf, mwewe akashuka, bawa likanipiga kofi, sambaza zikapanda mbinguni, na kofia uliyoninunulia ikaangukia ziwani.

Maman jirani alicheka mpaka akakaa chini. "Papa, hapa tunakula mukono mumoja ukifunika sahani. Huyo ndege anajua wageni."

Sasa nafunika vizuri kuliko Nguba yote. Unibusie watoto, Yaya, na usinigombeze juu ya kofia.

Ila nilikuapia kwamba Mashi haijanitoka. Imenitoka. Koko alikuwa anasema "funika" tu. Tangu jana ananisemesha Kiswahili, polepole, kama mutu wa mbali.

Mudogo wako, Bahati