Nafasi ya Baba Kwenye Cheti cha Njoki

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Njoki Waithaka. Umri: miaka 61. Kazi: mkulima wa viazi. Makao: Gilgil, kwa sasa niko mtaa wa Section 58, Nakuru, kwa binti yangu.

Binti yangu ni Natasha, aliyeenda Qatar kikazi mwezi uliopita. Ameishi na Kimaiyo, fundi wa kuchomelea vyuma, miaka minane bila harusi. Mtoto wao ni Njoki, miaka sita, aliyepewa jina langu.

Mnamo tarehe 11 Februari 2025, saa tano asubuhi, shule ilipiga simu kwamba mtoto ana homa. Nilienda na Kimaiyo. Mwalimu mkuu, ambaye ni mgeni hapo, alitoa cheti cha kuzaliwa kwenye faili akaona nafasi ya baba ina mistari tu. Akaniambia, "Mathe, wewe mchukue, majina yenu yanafanana. Huyu simjui." Mtoto alikuwa amemshika Kimaiyo shingo. Kimaiyo alikataa kumwachilia. Mwalimu mkuu akawaita polisi, na saa sita kasorobo walikuja wakamfunga pingu mbele ya darasa la mtoto wake. Niliwapigia kelele na sijutii.

Hapa kituoni nimeulizwa mara nne kwa nini jina la Kimaiyo halipo. Nimechoka, kwa hivyo andika.

Siku Njoki alizaliwa, Kimaiyo alinipa kitambulisho chake mlangoni mwa wodi, kwa sababu wanaume hawakuruhusiwa kuingia. Nilikitia kwa mkoba. Karani alipouliza, nilisema baba hajaleta. Natasha alikuwa hoi, hakubisha. Nilikuwa na hasira kwa vile huyo kijana hakuwa amekanyaga kwetu na wazee wake hata siku moja. Nilitaka ahisi uchungu kidogo. Baadaye nilimrudishia nikamwambia serikali imekataa, kwa sababu hawajaoana. Mwaka wa 2021 alikuja nyumbani na wazee wake, tukala, tukacheka, na bado nikanyamaza.

Leo Konstebo Jelagat ameniambia kwamba hata bila ndoa angeweza kuandikwa. Kimaiyo alikuwa kwenye benchi, akasikia yote. Alisema tu, "Mama, kumbe ni wewe."

Kimaiyo ndiye baba. Nimesema mpaka koo linaniuma, na kila mtu ananionyesha ile karatasi.

Nimesomewa niliyoyasema, na ni ya kweli.

Sahihi: N. Waithaka

Maandishi ya ofisa: Yamerekodiwa nami, Konstebo Jelagat, saa tisa alasiri. Mshukiwa atazuiliwa hadi mama wa mtoto apatikane kwa simu. Mtoto amekabidhiwa shahidi. Mtoto amekataa kwenda naye.