Omena za Mwalimu Keiko

Mama,

Walikula omena. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama ng'ombe amezaa.

Tangu tukuzike, jiko la shule, ulilopikia watoto mpaka wakakuita Cucu, nyanya yao, nimeachiwa mimi. Mwiko wako ni mzito, sikujua. Mwalimu Keiko, yule Mjapani anayejitolea kwetu hapa Runyenjes, alitaka kufuta ile siku ya chakula cha kwao. Mlipanga pamoja, akasema, hawezi bila wewe. Nikamjibu kwamba ulimwahidi watoto watakula, na ahadi ni deni. Lakini moyoni niliogopa. Watoto wa huku samaki wanamjua kwa picha za vitabuni. Omena zingerudi jikoni, ningekutia aibu ukiwa kaburini.

Tulipika wali wa Mwea bila chumvi wala mafuta, supu ya soya na omena, wale dagaa wa ziwani. Kabichi tuliilaza kwenye chumvi. Kila kitu na kibakuli chake. Keiko aliwaeleza kuwa kwao mtoto huonja kimoja kimoja, asikie ladha ya kila chakula.

Darasa la sita waliwapakulia wenzao, vitambaa vyeupe vichwani. Hakuna aliyegusa chakula mpaka wa mwisho alipopata. Mama, shule nzima ilinyamaza. Hawa wetu, wa kusukumana kwenye foleni! Nilisikia kuni zikiungua jikoni.

Kisha wakamimina vyote pamoja na kuponda, kama mukimo. Keiko akajishika mdomo. Nikamwambia ulivyokuwa ukisema, "Chakula kikitengana, kimegombana." Alicheka mpaka akatoa machozi, naye akachanganya chake. Vibakuli vilirudi vitupu.

Keiko alikuwa amewafundisha kumaliza kwa kumshukuru aliyepika. Wanja, yule mdogo uliyezoea kumwekea ukoko, akawasimamisha wenzake. Nikajifuta mikono, nikasogea mbele nishukuriwe. Macho yao yakanipita. Waligeukia mlango wa jiko, kwenye kigoda chako, wakainamisha vichwa wote.

"Asante, Cucu."

Nilizoea kufikiri ulikuwa unapika tu, Mama.

Alhamisi ni githeri, mahindi yetu na maharagwe. Nimewaambia shukrani ile si ya chakula cha Wajapani peke yake, na Wanja akanitazama kama mtu aliyekwisha kulijua hilo.

Pumzika, mama yangu. Mwiko nitaushika. Kigoda chako hakitoki pale mlangoni, wala mimi sitakikalia.

Binti yako,
Muthoni