Saa Tatu ya Nzomo

Jumatatu, 3 Agosti 1987
Nimechoka. Wiki ya kwanza kwa kazi ya marehemu mume wangu Nzomo: kumwambia Muli wa dispensari kila asubuhi upepo utakuja saa ngapi kuzungusha mabawa ya kinu cha umeme, ajue kama atawasha jenereta. Daftari la Nzomo linasema kila Agosti: «saa 3 — upepo mzuri». Nikamwambia Muli asubiri. Saa tatu, saa nne — wapi! Betri zikaisha nguvu, friji ya dispensari ikapata joto. Ikabidi awashe. Akanichokoza: Mwaitu, mama yetu, upepo wako umeenda soko Matiliku? Ukaja alasiri, kama mgeni asiyealikwa. Nzomo hakuwa anakosea.

Jumanne, 4 Agosti
Nimekosea tena. Na lori la dizeli limeharibika, mpaka Jumamosi. Imebaki nusu jerikeni. Sista Syombua anasema Ijumaa akina mama watapanda na watoto kutoka Kalamba, chanjo ya surua. Friji ikipita nyuzi nane, dawa yote ni ya kumwaga. Sikula.

Jumatano, 5 Agosti
Nilikuwa nashona kifungo cha koti lake. Hakuna wa kulivaa, nalishona tu. Mfukoni saa yake, imesimama. Nikakumbuka! Injinia wa Nairobi alimwambia aandike vile mshale unaonyesha, kwa Kizungu. Nzomo alinung'unika wiki nzima: tatu yao ni tisa yangu. Nami nasoma kwa saa zetu! Nikatoka nje kungoja. Saa tisa mabawa yakazunguka. Nililia, si sana.

Alhamisi, 6 Agosti
Nilimwambia Muli aweke dizeli ya kesho, upepo ni saa tisa. Akauliza: tisa ya nani, Mwaitu? Ya alasiri, nikasema. Akacheka.
Saa nane, friji nyuzi sita. Saa nane na nusu, saba. Sista Syombua ameegemea mlango wa friji, mtu asifungue. Muli hacheki tena, ameshika hendeli ya jenereta. Nimeweka kikombe cha chai kwa ngazi, kama Nzomo, nione mvuke unaelekea wapi. Unapanda wima.
Saa tisa kasoro dakika tano. Muli: Nizungushe?
Ngoja, nimemwambia. Nimeinama karibu na kikombe. Mvuke umepinda kidogo — ama ni pumzi yangu.