Nimeacha Sigara, Mke Wangu Anadhani Nimeoa

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada kabla nyumba yangu haijavunjika, na tafadhali usinicheke, maana hapa Zinga wameshanicheka vya kutosha.

Mimi ni fundi cherehani, umri wangu miaka arobaini na minne, na tangu ujana nilikuwa mvutaji, navuta nikitia uzi, navuta nikipiga pasi, hata wateja walizoea kukuta tundu la moto kwenye kanzu mpya na mimi naapa ni panya, basi huu ni mwezi wa tatu tangu niache sigara, na sikumwambia mtu hata mke wangu Mwaija, kwa sababu nilishaacha mara mbili nikatangaza mtaa mzima, na kila mara wiki haikwisha nikaonekana na kipisi mdomoni, nikasema safari hii nitanyamaza mpaka nishinde.

Lakini mwili umenigeuka. Mwanzo mikono ilitetemeka, uzi hauingii kwenye sindano, usiku silali, kisha ikaja njaa ya ajabu, nyumbani naona haya kuomba sahani ya tatu kwa hiyo nanunua mihogo ya kuchoma barabarani, nimenenepa mpaka nimejishonea kanzu mbili mpya, na harufu ya moshi kwenye nguo, ambayo zamani sikuisikia kabisa, sasa inanitia kichefuchefu, basi nazifukiza udi na kutafuna karafuu kutwa ili kukata hamu. Kikohozi nacho badala ya kupungua kimezidi, natoa makohozi meusi, nikaogopa Mwaija atadhani nina kifua kikuu, kwa hiyo kikinibana nakwenda kukohoa nyuma ya nyumba ya Bi Sikuzani, mjane jirani yetu, naye kwa huruma hunipa maji ya tangawizi.

Kilichoharibu mambo ni chumvi. Miaka kumi na minane nilikuwa nikimwambia Mwaija mchuzi hauna ladha, ongeza chumvi, naye anaongeza, sasa ulimi umefufuka na mchuzi uleule unanichoma, siku moja nikasukuma sahani nikasema, "Chumvi gani hii, unataka kuniua?" Akanitazama, akasema, "Haya baba, kumbe siku hizi unaonja kwingine." Kesho yake akafunga virago akaenda kwao Mlingotini, akawaambia kaka zake nimemwoa Bi Sikuzani kwa siri, kwani nanenepa na chakula chake sikitaki, kanzu mpya, udi, karafuu, na watu wameniona nikitokea uani kwa mjane. Anasema kuoa si dhambi, kumficha ndiko asikoweza kusamehe, na anataka talaka.

Shemeji zangu wameniita Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Rafiki yangu Msabaha ananishauri niingie kwao na sigara mdomoni, Mwaija akisikia ile harufu atajua mumewe ni yuleyule. Pakiti nimeshanunua, imo kwenye mtoto wa meza ya cherehani, na mkono unaniwasha. Lakini mshauri, sigara nimeiacha kwa ajili yake huyohuyo, nilimsikia akimwambia dada yake kwamba hulala amegeukia ukutani kwa sababu ya pumzi yangu. Nifanyeje?

Rehani, Zinga

*

Marahaba, Bwana Rehani, na pole sana. Kwanza nikutoe hofu ya mwili. Nimemwuliza dresa mmoja wa zahanati aliyewaona wengi kama wewe, akasema kifua cha mtu aliyeacha sigara mara nyingi hukohoa kwa kujisafisha, na njaa, mikono kutetemeka na kukosa usingizi, yote hupita. Hata hivyo kukohoa miezi mitatu si kidogo. Nenda hospitali ukapimwe, na ukiona damu au homa za jioni usingoje hata siku moja. Usimfanye Bi Sikuzani daktari wako.

Sasa nikugombeze. Hivi kweli, mwanamume mzima unakwenda kukohoa uani kwa mjane ili mkeo asiingiwe na wasiwasi? Ingekuwa Mwaija ndiye anayetokea uani kwa jirani mwanamume, ananukia udi na kavaa kanga mpya, wewe ungeitisha kikao au ungeitisha panga? Na hiyo chumvi ameitia kwa kukuridhisha wewe, pengine mwenyewe akila kwa taabu miaka yote hiyo. Hakuna aliyempa habari kwamba ulimi wako umepona. Kuisukuma ile sahani ulikosa, na hapo ndipo pa kuanzia kuomba radhi.

Pakiti itupe chooni leo, usimpe hata Msabaha. Miezi mitatu umeshinda peke yako, mwanangu, na hilo si dogo. Ukiingia na sigara, Mwaija atamwona mume anayenuka moshi na bado ataamini umeoa. Bi Sikuzani naye mwombe radhi, maana jina lake limechafuka kwa wema wake, kisha umwombe akamweleze mama mkwe wako aliyoyaona.

Mlingotini nenda na kanzu ya zamani, hata kama inakubana tumboni, waione. Kikohozi kikija, kohoa mbele yao. Halafu omba kukaa na mkeo peke yenu umwambie ulichomsikia akimwambia dada yake. Mimi nisiyekujua nimeshaambiwa, wasomaji wote wa gazeti hili wameshaambiwa, yeye bado.

Ijumaa ni siku ya shemeji zako kusema. Wewe nenda Alhamisi.